Ritani ya kodi ya mapato nchini Tanzania

Ritani ya kodi ya mapato ni taarifa ambayo mtu binafsi au kampuni huwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kueleza mapato yake ya mwaka, gharama alizotumia kuyapata na kodi anayotakiwa kulipa. Ritani si malipo yenyewe. Mtu anaweza kuwasilisha ritani inayoonyesha kwamba hadaiwi kitu, na mtu mwingine anaweza kuwa amelipa fedha nyingi lakini bado akawa na kosa la kutowasilisha ritani.

Makala hii inajibu maswali ambayo watu huuliza mara nyingi kuhusu ritani. Mifano yake inatoka katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Huko watu wengi huishi kwa kahawa, uvuvi wa Ziwa Nyasa, biashara ndogo na ajira, na si ajabu kaya moja kuwa na mapato ya aina zaidi ya moja. Viwango vilivyotajwa ni vile vya mwaka wa fedha 2023/24. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni, na viwango vinaweza kubadilika kuanzia tarehe 1 Julai.

Historia

Kodi ya moja kwa moja ilifika Ruvuma kabla ya kodi ya mapato. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kwa Wamatengo wa milima ya Mbinga, kuuza kahawa kulikuwa njia mojawapo ya kupata fedha taslimu za kulipia kodi hiyo. Kodi ya kichwa haikuuliza mtu amepata kiasi gani: kila mwanamume mtu mzima alidaiwa. Baada ya uhuru ilifutwa, kisha ikarudi kwa sura ya kodi ya maendeleo iliyokusanywa na halmashauri, ambayo nayo ilifutwa mwaka 2003.

Kodi ya mapato ni kitu tofauti. Tanganyika ilipata sheria yake ya kwanza ya kodi ya mapato mwaka 1940, na wakati huo iliwagusa watu wachache wenye kipato kikubwa. Baadaye kodi hiyo ilisimamiwa kwa pamoja na Kenya na Uganda chini ya sheria za Afrika Mashariki za mwaka 1952 na 1958, hadi Tanzania ilipotunga sheria yake ya mwaka 1973. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Taratibu za ritani, adhabu na pingamizi zimo pia katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

TRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996.

Kodi ya serikali kuu na tozo za halmashauri

Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kodi ya mapato ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hiyo sheria ni moja kwa Tanzania Bara na Zanzibar.

Halmashauri zina vyanzo vyao. Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, ya Mji wa Mbinga na ya Wilaya ya Nyasa hukusanya ushuru wa mazao, ada za leseni za biashara, leseni za uvuvi na ushuru wa masoko. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kisheria hulipwa na mnunuzi.

Kuchanganya malipo haya mawili ni chanzo kikubwa cha malalamiko. Mfanyabiashara aliyelipa ushuru wa soko kila siku, au mvuvi aliyekata leseni ya chombo chake, anaweza kuamini kwamba amekwisha kulipa kodi. Risiti za halmashauri ni za tozo za halmashauri, na hazichukui nafasi ya ritani. Hata hivyo hazifai kutupwa: ada na ushuru uliolipwa kwa ajili ya biashara ni gharama ya biashara, na huweza kupunguzwa katika hesabu za faida.

Nani anatakiwa kuwasilisha ritani?

Mwajiriwa

Kodi ya mwajiriwa hukatwa na mwajiri kila mwezi kwa utaratibu wa Lipa Kadri Unavyopata, maarufu kama PAYE. Mwajiri hupeleka fedha hizo TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mtumishi ambaye mapato yake yote ni mshahara kutoka kwa mwajiri mmoja hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka, isipokuwa Kamishna amwandikie kumtaka afanye hivyo. Hii inawahusu walimu, wauguzi, askari na wafanyakazi wa migodi, kama vile wale wa mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka.

Viwango vya mshahara wa mwezi, vilivyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, ni hivi:

- hadi shilingi 270,000: hakuna kodi
- zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000
- zaidi ya 520,000 hadi 760,000: shilingi 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000
- zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: shilingi 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000
- zaidi ya 1,000,000: shilingi 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000

Mwajiriwa mwenye biashara

Hali hubadilika pale mwalimu anapofungua duka au muuguzi anaponunua gari la kukodisha. Sasa ana mapato ya aina mbili, na kukatwa kodi kwenye mshahara hakumalizi wajibu wake. Anatakiwa kuwasilisha ritani inayojumlisha mshahara na faida ya biashara. Kodi iliyokwisha kukatwa na mwajiri huondolewa katika jumla inayodaiwa, hivyo halipi mara mbili kwa mshahara uleule. Lakini kwa kuwa faida ya biashara huongezwa juu ya mshahara, inaweza kuangukia kwenye kiwango cha juu zaidi kuliko vile angekuwa na duka peke yake.

Mkulima

Kisheria kilimo ni biashara, na fedha za kahawa, mahindi au maharage ni mapato. Hata hivyo mkulima mdogo ambaye mauzo yake yote kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hana kodi ya kulipa kwa mfumo wa mauzo ghafi unaoelezwa hapa chini. Mazao yanayoliwa nyumbani si mauzo.

Wakulima wengi wa kahawa wa Mbinga huuza kupitia vyama vya ushirika vya msingi, maarufu kama AMCOS. Makato yanayoonekana kwenye malipo ya mkulima, kama ushuru wa chama, marejesho ya mkopo wa pembejeo na gharama za kukoboa, si kodi ya mapato. Ni vema mkulima atunze karatasi ya malipo inayoonyesha kilo, bei na kila kato, kwa sababu ndiyo ushahidi wake wa kiasi alichopata kweli.

Chama cha msingi chenyewe kina hesabu zake. Chama kilichosajiliwa kinachojishughulisha na kilimo husamehewa kodi ya mapato ikiwa mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka milioni 50. Hata chama kilichosamehewa kodi hubaki mwajiri: kama kinalipa karani na mlinzi, kina wajibu wa PAYE pale mishahara yao inapofikia kiwango cha kodi.

Mvuvi na mchuuzi wa samaki

Mwenye mtumbwi na nyavu, na mchuuzi anayenunua usipa Liuli au Mbamba Bay na kuupeleka Mbinga na Songea, wote ni wafanyabiashara mbele ya sheria. Tofauti yao ni kwamba mchuuzi hupitisha mikononi fedha nyingi lakini faida yake kwa kila gunia ni ndogo. Tofauti hiyo ina uzito katika kuchagua namna ya kutozwa kodi, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kampuni

Kampuni huwasilisha ritani kila mwaka, iwe imepata faida, imepata hasara au haikufanya kazi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 30 ya faida. Ritani ya kampuni huandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa. Vijana wanaosajili kampuni ili wapate zabuni moja na kuiacha mara nyingi hugundua baadaye kwamba kampuni imelimbikiza adhabu za miaka ambayo haikuuza chochote.

Kalenda ya mwaka

Kwa mtu binafsi mwaka wa mapato ni mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Tarehe za kukumbuka ni hizi:

- 31 Machi: kuwasilisha makadirio ya kodi ya mwaka unaoendelea, na kulipa awamu ya kwanza
- 30 Juni: kulipa awamu ya pili. Siku hiyohiyo ni mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita
- 30 Septemba: kulipa awamu ya tatu
- 31 Desemba: kulipa awamu ya nne

Makadirio na ritani ni vitu viwili. Makadirio hutazama mbele: mtu anasema anatarajia kupata kiasi gani. Ritani hutazama nyuma: mtu anaeleza alichopata kweli. Kama kodi ya kweli ni kubwa kuliko makadirio, hulipa tofauti. Kama ni ndogo, kiasi kilichozidi huweza kuhesabiwa katika kodi nyingine au kudaiwa kurejeshwa.

Kalenda hii haifuati misimu ya Ruvuma. Kahawa ya Mbinga huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, kwa hiyo mwezi Machi fedha ni chache na duka la kijijini huuza kwa mkopo zaidi kuliko kwa fedha taslimu. Usipa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mapato hupanda na kushuka pamoja na mwezi na upepo. Sheria inaruhusu kurekebisha makadirio katikati ya mwaka. Mfanyabiashara aliyekadiria mauzo makubwa mwezi Machi, kisha bei ya kahawa ikaanguka na wateja wakakosa fedha, anaweza kuwasilisha makadirio mapya. Anayenyamaza huendelea kudaiwa kwa makadirio yale ya kwanza.

Mfumo wa mauzo ghafi

Mtu binafsi mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara, na mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo badala ya faida. Mfumo huu hauwahusu wanaotoa huduma za kitaalamu, kama vile washauri, wala kampuni. Vyombo vya usafiri vya biashara vina jedwali lake.

Viwango ni hivi:

- mauzo hadi milioni 4: hakuna kodi
- zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7: shilingi 100,000 kwa asiye na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4
- zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11: shilingi 250,000 kwa asiye na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu hulipa shilingi 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7
- zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100: asilimia 3.5 ya mauzo yote

Tofauti kati ya mwenye kumbukumbu na asiye nazo ni kubwa. Chukua wauza duka wawili wa Mbinga mjini, kila mmoja akiwa ameuza bidhaa za shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye daftari analipa asilimia 3 ya milioni 1, yaani shilingi 30,000. Asiye na daftari analipa shilingi 100,000. Kwa mauzo ya milioni 8, mwenye daftari analipa shilingi 120,000 na mwenzake 250,000. Hakuna aliyepata zaidi ya mwingine. Tofauti yote imetokana na kuandika.

Msomaji ataona pia kwamba kodi huruka pale mauzo yanapopita milioni 11. Aliyeuza milioni 10.9 kwa kumbukumbu analipa shilingi 207,000, na aliyeuza milioni 11.1 analipa shilingi 388,500. Kwa hiyo mtu aliye karibu na mpaka huo anahitaji kujua kwa uhakika ameuza kiasi gani. Kukisia tu "kama milioni kumi na moja hivi" mbele ya ofisa kunaweza kumgharimu.

Kwa wafanyabiashara wadogo kabisa, ambao mauzo yao hayazidi milioni 4, serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali mwezi Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kila kimoja.

Je, mtu anaweza kukataa mfumo wa mauzo ghafi?

Ndiyo. Sheria inampa mtu binafsi nafasi ya kuchagua kutozwa kodi kwa faida. Watu wachache wanaijua nafasi hii, ingawa inawasaidia hasa wale ambao mauzo yao ni makubwa na faida ni ndogo.

Tuseme mchuuzi wa usipa wa Mbamba Bay ameuza kwa shilingi milioni 40 katika mwaka. Kwa mfumo wa mauzo ghafi anadaiwa asilimia 3.5, yaani shilingi 1,400,000. Lakini kati ya milioni 40 hizo, milioni 34 zimetumika kununua usipa, magunia, usafiri, vibarua na ushuru. Faida yake ni milioni 6. Kwa viwango vya mtu binafsi, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi, na kinachofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Kodi yake kwa faida ni asilimia 8 ya 2,760,000, yaani shilingi 220,800.

Upande wa pili, mtu mwenye faida kubwa kwa kila shilingi ya mauzo, kama fundi ambaye gharama yake kubwa ni nguvu zake mwenyewe, anaweza kulipa kidogo akibaki kwenye mauzo ghafi. Hakuna jibu moja kwa wote.

Uchaguzi huu una masharti. Anayetaka kutozwa kwa faida lazima awe na hesabu kamili, si daftari la mauzo tu: manunuzi, gharama na ushahidi wa kila moja. Mchuuzi wa hapo juu akikosa risiti na maandishi ya zile milioni 34, hana njia ya kuonyesha kwamba faida ni milioni 6. Mtu binafsi ambaye mauzo yake yanazidi milioni 100 hana uchaguzi: hutozwa kwa faida, na hesabu zake zinatakiwa kukaguliwa na mhasibu.

Gharama zipi zinakubaliwa?

Kanuni ni kwamba gharama iwe imetumika kwa ajili ya kupata mapato ya biashara. Nauli ya kufuata mzigo Songea, kodi ya pango la duka, mafuta ya boti, barafu, nyavu na mishahara ya wasaidizi ni gharama za biashara. Ada ya shule ya mtoto, mchango wa harusi na chakula cha nyumbani si gharama za biashara, hata kama fedha zilitoka kwenye droo ya duka.

Ugumu hutokea pale manunuzi yanapofanyika bila risiti. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti, maarufu kama EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na risiti yake ndiyo ushahidi wenye nguvu zaidi. Lakini mvuvi anayeuza usipa ufukoni alfajiri hana mashine. Katika mazingira hayo mnunuzi hujisaidia kwa kuandika tarehe, mahali, kiasi, bei na jina la muuzaji, kumwomba atie saini au dole gumba, na kulipa kwa simu inapowezekana ili ujumbe wa malipo ubaki. Maandishi hayo hayalazimishi TRA kukubali, ila humpa mtu kitu cha kuonyesha.

Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Risiti za EFD huchapishwa kwenye karatasi ambayo wino wake hufifia, hivyo wengi huzipiga picha au kutoa nakala mapema.

Kodi ya zuio ni nini?

Kodi ya zuio ni sehemu ya malipo ambayo mlipaji huikata na kuipeleka TRA kwa jina la anayelipwa. Mpangaji anayefanya biashara katika jengo la mtu mwingine hukata asilimia 10 ya pango. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, ipo pia kodi ya zuio ya asilimia 2 kwa malipo ya mazao ya kilimo, mifugo na uvuvi yanayofanywa na kampuni.

Aliyekatwa asilimia 2 hajapata kodi mpya juu ya kodi. Kiasi hicho ni malipo ya awali ya kodi yake ya mwaka. Anatakiwa kupewa hati ya kodi ya zuio, na kwa hati hiyo hupunguza anachodaiwa kwenye ritani. Asipoichukua hati, fedha zimekwenda lakini hana cha kuonyesha.

Jinsi ya kuwasilisha

Hatua ya kwanza ni kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN). Ina tarakimu tisa, hutolewa bure, na mtu binafsi huipata kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Ipo TIN ya biashara na TIN isiyo ya biashara, ambayo watu huichukua kwa ajili ya leseni ya udereva au usajili wa pikipiki. Mwenye TIN isiyo ya biashara akianza biashara anatakiwa kuibadilisha.

Ritani huwasilishwa kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya TRA. Mlipakodi huingia kwa TIN yake na nywila, hujaza fomu na kuituma. Mfumo ukishapokea hutoa namba ya malipo, ambayo watu huiita kontroo namba, na malipo hufanyika benki au kwa simu. Fedha za kodi hazilipwi mkononi kwa ofisa.

Kwa wakazi wa mwambao umbali ni jambo la kweli. Ofisi ya TRA ya mkoa iko Songea, na kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga peke yake ni kilomita 66. Wengi hutumia vibanda vya intaneti na kumwachia mwenye kibanda ajaze fomu. Hilo halikatazwi, ila anayewajibika kwa kilichoandikwa ni mwenye TIN. Kabla ya fomu kutumwa ni vema asomewe tarakimu zote, achukue nakala ya ritani na uthibitisho wa kupokelewa, na nywila ibaki kwake mwenyewe.

Nini hutokea mtu akichelewa au asipowasilisha?

Kuna adhabu ya kuchelewesha ritani na kuna riba ya kuchelewesha malipo. Ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kupata yote.

Adhabu ya ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au kiwango maalumu, kutegemea kipi ni kikubwa. Kiwango hicho ni pointi 5 kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni. Sheria ilipopitishwa mwaka 2015, pointi moja ilikuwa shilingi 15,000, yaani shilingi 75,000 kwa mwezi kwa mtu binafsi na 225,000 kwa kampuni. Kwa hiyo hata anayedaiwa kodi ndogo anaweza kupata adhabu kubwa kuliko kodi yenyewe. Riba nayo huongezeka kila mwezi hadi deni lilipwe.

Anayewasilisha ritani bila kuwa na fedha za kulipa yuko katika hali nzuri kuliko anayejificha. Adhabu ya ritani haimhusu, na anaweza kuomba kulipa deni kwa awamu.

Mtu asipowasilisha kabisa, Kamishna ana mamlaka ya kufanya makadirio kwa taarifa alizonazo: ukubwa wa duka, mizigo iliyoingia, miamala, au biashara zinazofanana. Makadirio hayo yanaweza kuwa makubwa kuliko hali halisi, na kuanzia hapo ni kazi ya mlipakodi kuonyesha kwamba si sahihi.

Biashara ikifa

Duka likifungwa au boti ikiuzwa, TIN haifi yenyewe. Mfumo huendelea kusubiri makadirio na ritani. Mhusika anatakiwa kuiarifu TRA kwa maandishi kwamba biashara imesimama na kutunza nakala iliyogongwa muhuri. Watu wengi hugundua deni la zamani siku wanapohitaji cheti cha uthibitisho wa kutodaiwa kodi ili wapate leseni ya biashara mpya.

Kupinga makadirio

Asiyekubaliana na kodi aliyopangiwa ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Pingamizi huandikwa, hueleza sababu, na huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokea hati ya makadirio. Ili lipokelewe, mlipakodi hulipa kiasi ambacho hakipingwi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Akiwa na sababu nzuri anaweza kuomba kiasi hicho kipunguzwe au kiondolewe.

Asiporidhika na uamuzi, anaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Kwa malalamiko kuhusu namna alivyohudumiwa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka msuluhishi wa malalamiko ya kodi.

Katika hatua zote hizi linaloulizwa ni moja: kumbukumbu ziko wapi? Kwenda ofisini kulalamika kwa mdomo hakusimamishi siku 30 zisihesabiwe. Barua iliyopokelewa, ikiambatana na daftari na risiti, ndiyo inayosikilizwa.

Nchi nyingine

Nchini Kenya ritani ya mtu binafsi huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni, na kila mwenye namba ya mlipakodi anatakiwa kuwasilisha, hata mwajiriwa na hata asiye na mapato. Kwa Uganda, ambako mwaka wa mapato kwa kawaida huanza Julai hadi Juni, mwisho ni tarehe 31 Desemba. Nchini Marekani ritani ya kodi ya serikali kuu hutakiwa kwa kawaida kufikia tarehe 15 Aprili, na majimbo mengi yana ritani yao nyingine.

Mtanzania anayeishi na kufanya kazi nje hutozwa kwanza kwa sheria za nchi aliyopo. Tanzania humtoza mkazi kwa mapato yake ya ndani na nje ya nchi, na asiye mkazi kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkazi. Kwa hiyo mtu aliyeko ng'ambo mwenye nyumba ya kupangisha Mbinga bado ana mapato ya Tanzania, na pango hilo lina kodi hapa nchini.

Tazama pia

- Kodi
- Mamlaka ya Mapato Tanzania
- Wilaya ya Mbinga
- Wilaya ya Nyasa
- Chama cha ushirika